Pai ya Ijumaa

Askofu na mabwana wenzake walikwishaamua kwamba Mungu anasema Kilatini tu. Mfumaji akitaka kujua Mungu kasema nini, akamuulize padri, na padri mwenyewe mara nyingi anabahatisha. Atakayekutwa na Maandiko kwa Kiingereza, kuni za kumchomea zipo tayari.

Emmot Tredway, mjane mpika pombe kwenye vilima vya Chiltern, Uingereza, alikuwa nayo. Si kitabu kizima, nani angekimudu? Kurasa chache tu zilizonakiliwa kwa mkono: waraka ule unaowakaripia matajiri. Ndiyo nakala pekee kijijini. Kila Ijumaa jioni majirani walikuja kwake kama wanywaji, Wat mchambua sufu akisoma, wengine wakikariri. Walikuwa wamefika nusu.

Ijumaa moja mlango ulisukumwa bila hodi. Emmot akawahi kunyanyua kifuniko cha ganda la pai, gumu kama ubao, alilolioka tupu likisubiri nyama. Akazitumbukiza kurasa, akafunika.

Aliingia Godfrey Pell, mkaguzi wa askofu, tumbo mbele, askari wawili nyuma. Wakapekua magodoro, wakamwaga shayiri, wakafukua hata kiota cha bata.

"Mnatafuta nini, bwana?" Wat akauliza. "Panya?"

"Kiingereza!"

"Basi mmekipata. Si ndicho tunachoongea?"

Watu wakaangua kicheko. Pell akageuka kwa hasira, na macho yake yakatua mezani.

"Kazi hii inatia njaa. Mama, nikatie hiyo pai."

Emmot akamwona jirani yake Hobb kwenye benchi, akajua la kusema. Mwaka uliopita Pell huyuhuyu alimsimamisha Hobb kanisani, pekupeku, mshumaa wa toba mkononi, kwa kosa la kula kipande cha nyama siku ya Ijumaa. Hobb alikuwa na njaa, lakini hilo halikuulizwa.

"Nikukatie, mheshimiwa?" Emmot akapaza sauti. "Ya nguruwe hii, nimeiweka ya Jumapili. Sikujua kama siku hizi wakubwa mnaruhusiwa nyama Ijumaa."

Askari wakamtazama bwana wao. Mkono wa Pell, uliokuwa ukiifuata pai, ukabaki hewani.

"Kula tu, bwana," Hobb akasema kwa upole. "Mshumaa wangu nimeutunza. Nitakuazima."

Mkono ukarudi mfukoni. "Nitakuja Jumapili," Pell akanguruma, akatoka.

Majirani hawakungoja kuambiwa. Walikariri usiku ule, wakakariri Jumamosi huku wakifuma na kuchambua sufu, mpaka nusu iliyobaki ikakaa vichwani. Ndipo kurasa zikavuka kilima kwenda kijiji cha pili, ambako wengine walizingoja kwa hamu.

Jumapili Pell alirudi kweli. Akala pai ya nguruwe halisi, akalamba vidole. Emmot alimmiminia pombe huku midomo ikimcheza, akikariri kimoyomoyo pale waraka unapowaambia matajiri walie.

"Unasali, mama?"

"Nasali, mheshimiwa. Hapa nilipofika, nimekukumbuka wewe hasa."