Kiganja cha Miss Tina

Kila Jumamosi, katika soko la Kapata, Mwalimu Tupokigwe alinunua unga kama bubu. Alionyesha kopo kwa kidole, akanyanyua vidole viwili, kisha akafungua kiganja chenye faranga ili muuzaji achukue mwenyewe. Huyu ni mtu aliyefundisha Kiswahili miaka sita kwao Tukuyu, Tanzania, ng'ambo ya mpaka.

Ndivyo alivyotaka Tata Kalonji, mwenye shule ya Kiingereza alikofundisha sasa. Wakubwa wa migodi ya Mutoshi, na hata wachuuzi waliojibana, wasingelipa karo ya dola kwa Mtanzania anayeongea Kiswahili kama wao. Wangelipa kwa Miss Tina wa Afrika Kusini, basi akawa Miss Tina, picha yake ikachorwa kwenye ukuta wa shule. Kwa neno moja la Kiswahili, hata sokoni, alikatwa dola hamsini. Mshahara wenyewe ulikuwa mia sita. Mia mbili zilirudi kwa Kalonji kama kodi ya chumba katika nyumba kuukuu ya wafanyakazi wa mgodi, mia nyingine eti ni za viza, na bei za mgeni zikala karibu zote zilizobaki. Pasipoti ilikaa kwenye kasha la chuma la Kalonji.

"Kamata yote," muuza nyanya wa pembeni alimwambia Mama Mushiya, mwenye unga. "Uyu hasikie kitu."

"Acha. Na yeye ni mutoto ya bantu, iko na mama yake."

Akachukua noti zake nne, akakikunja kiganja cha mwalimu juu ya zilizobaki. Tupokigwe alimpenda mama yule, na hakuwa na njia ya kumwambia.

Alasiri hiyo kulikuwa na mkutano wa wazazi. Kalonji alikuwa ameahidi kwamba ukimalizika vizuri atampa pasipoti, aende nyumbani Pasaka. Bintiye Lusekelo, aliyeachwa na umri wa miaka mitatu, sasa alikuwa na mitano, na kwenye simu alikuwa ameanza kumwita bibi yake mama. Jambo hilo lilimuuma Tupokigwe kuliko njaa.

Kalonji alitangaza kwamba karo inapanda kwa theluthi. Mama Mushiya, ambaye binti yake Mianda alisoma darasani kwa Miss Tina, akasimama.

"Tata, mi nauzisha unga. Juu ya nini munapandisha?"

"Juu ya uyu, mama." Kalonji alimwelekeza Tupokigwe kwa mkono mzima. "Kila mwezi dolare elfu mbili na mia tano. Nyumba, motokari, yote ni sisi. Mwalimu ya inje iko bei."

Tupokigwe alitabasamu, kama alivyoagizwa. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi, maana alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Kapata. Mama Mushiya alivitazama viatu hivyo kwa muda, kisha akamgeukia yeye, si Kalonji.

"Madame, ile franga yote, unaipataka wewe?"

Kalonji aligusa mfuko wa ndani wa koti lake, mahali alipoiweka pasipoti siku hiyo. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni mwa Tupokigwe, fupi na jepesi. Akalimeza. Aliinua mabega, akasema kwa Kiingereza kwamba haelewi.

Wazazi walicheka. Mama Mushiya hakucheka, aliketi tu.

Baadaye, kwenye baraza, Kalonji alimpa pasipoti. Aliifungua papo hapo. Viza ilikuwa imekwisha tangu Agosti ya mwaka jana.

"Ku mupaka batakukamata," Kalonji alisema kwa upole, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha Kiswahili. "Fanya kwanza mwaka moya tena, mama. Tutapanga."

Akanyoosha mkono. Pasipoti ikarudi kwenye koti.

Wiki nzima iliyofuata kiti cha Mianda kilikuwa kitupu. Jumamosi Tupokigwe alikwenda sokoni, akanyanyua vidole viwili, akafungua kiganja.

"Dolare elfu mbili na mia tano," Mama Mushiya alimwambia muuza nyanya, bila kumtazama mwalimu. "Na Mianda yangu iko mu nyumba, hasome tena."

Akaanza kuokota noti. Nne. Tano. Sita. Aliendelea mpaka ikabaki ngozi tupu. Tupokigwe aliijua bei ya unga. Aliuacha mkono wazi mpaka mwisho, kisha akashukuru kwa Kiingereza.