Bi Shen Hatikisi Finjani

Mtu anayecheza mpira wa meza kwa kurudi nyuma, mimi simhesabu kuwa anacheza. Nimesema hivyo tangu Tabora, kwenye klabu ya reli, nilipokuwa nasimama juu ya kreti la soda ili niifikie meza. Mpira ukija, upige. Ukirudi, upige zaidi. Mwenzako asipouona, pointi ni yako. Shule niliiacha darasa la sita tulipohamia Oman, na hilo ndilo somo nililotoka nalo.

Hapa Ibra nina duka la matairi, na nyumbani, hoshini, kwenye ua wa ndani, nina meza. Ijumaa baada ya alasiri wanaume wa mtaa huja kucheza, na wote nawafunga. Nacheza kwa mkono wa kushoto. Mkono huo nautumia kwa spana na kwa kibao cha mpira, na vyote viwili, spana na kibao, watu huviogopa. Jirani yangu Nadhir, anayefanya kazi shirika la umeme, alinifunga mara moja nilipokuwa na homa. Mpaka leo akinisalimia huanzia hapo.

Binti yangu wa mwisho, Tahani, ana miaka kumi na saba na ni mwembamba kama ufito. Nimemfundisha mwenyewe kupiga makombora. Mwaka huu alikwenda Nizwa kwenye mashindano ya wasichana, akatolewa mapema na wasichana wenye mabega kama yangu. Nilidhani atarudi analia. Alirudi anacheka, na kile Kiswahili chake cha kukulia Oman.

"Baba, kuna bibi moja wa China kule Nizwa. Alikuwa bingwa ya China nzima! Anasema mimi nina miguu na macho, lakini nacheza mchezo ya mtu mwingine."

"Wa mtu gani?"

Akainama. "Yako, baba."

Siku ya pili ikapigwa simu. Alikuwa Ghanima, msimamizi wa klabu ya wasichana ya Nizwa. Walimtaka Tahani likizo yote ya kiangazi, alale kwenye nyumba ya wasichana, na huyo bibi, Bi Shen, amfundishe kucheza kwa kujilinda: asimame mbali na meza, aukate mpira kwa chini, aurudishe mpaka mpigaji achoke.

Nikasema hapana.

"Sikumlea mtoto akafundishwe kukimbia," nikamwambia mke wangu, Kuruthum. "Mtu anakupiga, wewe unarudi nyuma unasema tafadhali, nipige tena. Huo mchezo au kuomba sadaka?"

"Umewahi kumwona huyo bibi akicheza?"

"Sina haja."

"Basi aje," akasema Kuruthum. "Acheze na wewe, hapa hapa hoshini. Akikufunga, mtoto anakwenda Nizwa. Ukimfunga, mtoto anabaki, na mimi sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Mfunge kwanza, halafu usikilize kimya changu."

Nikakubali. Nitasema na jambo la pili, kwa sababu sipendi kuzunguka. Wanangu wakubwa wako Maskati. Asubuhi kabla sijafungua duka, mimi na Tahani hupiga mpira kidogo. Akiondoka nitacheza na nani? Na Nadhir? Nadhir anacheza kama anafukuza inzi kwenye tende.

Wakaja Ijumaa iliyofuata, Ghanima akiendesha gari, wamepitia njia ya Sinaw. Nilitazamia mwanamke mrefu mwenye mapaja ya mwanariadha. Akateremka bibi mfupi, nywele nyeupe zimekatwa karibu na sikio, viatu vya turubai, na mfuko mdogo ameukumbatia kifuani. Akafika mlangoni akasimama.

"Hodi wenyewe!"

Nadhir, aliyekuwa tayari kwenye mkeka na sahani ya tende, karibu aiangushe. Kumbe zamani, miaka ya themanini, Bi Shen alipelekwa Unguja kufundisha mpira wa meza, akakaa miaka miwili. Kuruthum, ambaye wazee wake ni wa Unguja, alimkumbatia kama amempata shangazi aliyepotea.

"Shikamoo, Bi Shen," nikasema. Mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mpiga makombora?"

"Ndiye mimi."

"Mashoto, nasikia."

"Mashoto, ndiyo. Tahani amekwambia?"

"Mtoto anakusifu sana," akasema, akavua viatu, akaingia.

Sasa nieleze nilichokipanga. Kwetu hapa mgeni akiletewa kahawa, mwenye nyumba anamimina kwa dalla, lile birika la kahawa, finjani kidogo kidogo. Mgeni akitosheka, anaitikisa finjani kwa vidole, hivi, kulia na kushoto, ndipo unaipokea. Asipotikisa, unamimina tena. Kumwuliza mgeni kama bado anataka ni aibu. Nikajiambia: Mchina huyu hajui kutikisa. Nitamjaza kahawa mpaka tumbo lilie kama mtungi, halafu tuone hiyo miguu yake ya kurudi nyuma.

"Dalla nipe mimi," nikamwambia Kuruthum.

Akanitazama. "Tangu lini wewe unamimina?"

"Mgeni mheshimiwa, mama. Nasimama mwenyewe."

Ilikuwa dalla ya shaba ya marehemu baba, kubwa, ikijaa inataka wanaume wawili. Nikaishika kama tunavyoshika, dalla kushoto, finjani kulia. Nikamimina, nikampa. Akanywa, akanirudishia finjani. Haikutikisika hata kidogo. Nikamimina.

"Tueleze, Bi Shen," Kuruthum akasema. "Ulianzaje?"

Akaeleza, mimi nikiwa nimesimama mbele yake kama mhudumu wa arusi.

Alizaliwa mji wa viwanda vya nguo. Uani mwa shule yao meza ilikuwa ya saruji, na wavu ulikuwa mstari wa matofali. Mpira ukigonga ukingo wa tofali ulikwenda unakotaka wenyewe, na upepo nao ulicheza. "Hapo nikajifunza kungoja," akasema. "Usiuendee mpira. Ungoje ukwambie unakwenda wapi." Finjani ikarudi. Nikamimina.

Walimchukua timu ya mkoa akiwa bado mdogo, lakini mkono wake ulikuwa dhaifu. Wakataka kumrudisha kwao. Kisha kocha mmoja akasema abaki, wapigaji wamtumie kufanyia mazoezi. Basi miaka ile kazi yake ilikuwa hiyo: wenzake wanapiga makombora, yeye anasimama mbali anarudisha. Hakuna aliyemhesabu mchezaji. Alikuwa ukuta tu.

"Hukuona uchungu?" Nadhir akauliza.

"Niliona. Lakini siku moja wakafanya mashindano ya wenyewe kwa wenyewe, wakakosa mtu mmoja, wakaniingiza." Akacheka bila sauti, mabega yakatikisika. Finjani haikutikisika. "Wote walikuwa wamejifunza kupiga kwangu. Nilikuwa naijua mikono yao kuliko mama zao."

Nikamimina. Kuruthum akaja kuijaza dalla upya. Mkono ulishaanza kunung'unika, nikauambia unyamaze.

Akawa bingwa wa China, na mwaka wa pili tena, na wa tatu. Fainali ya kwanza alicheza na msichana mmoja mrefu ambaye magazeti yalishamtangaza mshindi. Pointi moja iliendelea mpaka watu jukwaani wakaanza kuzungumza mambo ya nyumbani. Mwamuzi ikabidi alete kanuni ya kuharakisha mchezo. Yule mrefu mwishowe aliupiga mpira nje kwa hasira, peke yake, bila kusukumwa na mtu.

"Walisema nashinda kwa kuwachosha watu," akasema Bi Shen.

"Ukasemaje?"

"Nikasema, ndiyo." Akanirudishia finjani.

Wallahi nilimimina mpaka Nadhir akaninong'oneza, "Sheikh, huyu ana kisima." Bi Shen akaendelea: goti likamharibika miaka ile, akawa mwalimu, akapelekwa huku na huku, na sasa mwanawe ni mhandisi kwenye mitambo ya umeme wa jua kule Manah, ndiyo sababu yuko Nizwa. Hadithi ikaisha. Finjani ikarudi tena, imetulia. Mwisho mimi mwenyewe nikaiweka dalla chini.

"Tucheze," nikasema.

"Tucheze," akasema, akainuka kama mtu aliyelala vizuri.

Akatoa kibao kwenye mfuko. Upande mmoja mwekundu na laini. Wa pili mweusi, wenye vinundu virefu vya mpira, kama ulimi wa ng'ombe. Tahani alikwisha nieleza: ukipiga mpira ukazunguka, vinundu vile haviuzuii mzunguko, vinakurudishia mwenyewe. Unachomtilia ndicho utakachokula. Nilisema ni maneno ya kitoto.

Tulicheza mchezo mmoja wa ishirini na moja, kama zamani. Ghanima akahesabu.

Mwanzo nilimkung'uta. Yeye anasimama hatua mbili nyuma, mimi nashusha kombora kulia, kombora kushoto, mengine yanampita hata mkono hainui. Nikafika tisa, yeye nne. Nadhir akapiga kelele, "Hamdun, mhurumie bibi wa watu!"

"Anaangalia, ammo," Tahani akamwambia jirani. "Bado hajaanza."

Akaanza. Sikuona kilichobadilika isipokuwa kwamba mpira ulianza kurudi. Nampiga, anarudi nyuma, kibao kinashuka kama kisu kinachokata boga, na mpira unakuja polepole, mtamu, unaelea. Unaona aibu kutoupiga. Unaupiga, unaingia wavuni. Unajiambia utauinua zaidi. Unaruka mpaka kwenye ndoo ya mbuzi. Wakati mwingine anaukata upande mwekundu, wakati mwingine anakizungusha kibao mkononi anaukata upande wa ulimi wa ng'ombe, na mimi sijui ni upi. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mtende wa hoshini, akazunguka mtende, akaurudisha kutoka ng'ambo!

"Huo halali?" nikapiga kelele.

"Umeingia mezani," Ghanima akasema. "Kumi na tatu, kumi na tatu."

Kuruthum alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya chungwa. Hakusema neno. Ndipo nikajua maana ya kimya chake.

Nikapigana. Sikulegea, sitaki mtu aseme nililegea. Lakini mkono wa kushoto sasa ulikuwa kama si wangu. Bega lilikuwa linawaka pale pale nilipokuwa nimebeba dalla ya baba, na kila kombora lilitoka dogo kuliko lililotangulia. Tukafika kumi na tisa kwa kumi na tisa, nikaanzisha pointi ambayo sitaisahau. Nampiga, anarudisha. Nampiga, anarudisha. Jasho likaniingia machoni, nikageuza uso kidogo kujipangusa begani, na hapo nikamwona Tahani.

Alikuwa amesimama nyuma ya Bi Shen, pembeni, hana kibao. Miguu yake ilikuwa inakwenda na ya bibi. Bibi akirudi, anarudi. Bibi akiinama, anainama, mkono mtupu unakata hewa. Mara mbili niliona ametangulia: kabla sijapiga, alikwisha kwenda upande ambao mpira ungekwenda. Kwa nini asijue? Kila asubuhi tangu utotoni alikuwa anasimama mbele ya mkono huu. Kwangu hakuwa mpigaji. Kwangu alikuwa ukuta, na mimi sikujua ninachokifundisha.

Nikaupiga ule mpira wavuni.

"Ishirini Bi Shen, kumi na tisa Hamdun," Ghanima akasema.

Mpira wa kuanzisha ulikuwa wangu. Nikaushika. Nikajaribu kuinua kibao, mkono ukafika kiunoni ukasema basi. Ningeweza kuurusha tu, ufe kama ufavyo. Lakini watu walikuwa wananitazama, mke wangu ameacha chungwa, na yule mtoto amesimama miguu imepanuka, anangoja.

Nikakishika kibao kwa vidole viwili, nikakitikisa, kulia na kushoto. Kama finjani.

Kisha Nadhir akapasuka kicheko mpaka akakaa chini. "Ametosheka! Hamdun ametosheka!"

"Nimekunywa, nimetosheka," nikasema. "Mtoto aende Nizwa."

Tahani alinirukia shingoni, upande wa bega bovu, nikapiga ukelele ambao majirani waliuulizia kesho yake. "Baba, kila Ijumaa nitakuja! Nitacheza na wewe!"

"Utacheza na mimi, ndiyo. Na mtende utaukata kwanza."

"Na mimi je, niseme?" akauliza Kuruthum kutoka kwenye mkeka.

"Wewe hukushindwa. Sema."

"Sina la kusema," akasema, akala chungwa lake. Huyo ndiye mke niliyeoa.

Bi Shen alikwisha rudi kukaa, miguu ameikunja, hata hahemi. Nikamwendea nikakaa mbele yake.

"Bi Shen, niambie kweli. Muda wote uliokaa Nizwa, hakuna aliyekufundisha kutikisa finjani?"

"Siku ya kwanza tu nilifundishwa."

"Na tumbo lako?"

"Finjani zenu ndogo, mwanangu. Ghanima akinikaribisha nakunywa birika." Akanitazama, macho yamekuwa mistari miwili. "Uliposema utamimina mwenyewe, nikatazama mkono ulioshika dalla. Nikasema, alhamdulillahi, mchezo umeanza mapema."

Nadhir alikuwa bado chini. Nadhani siku hiyo alisahau hata ile homa yangu.

Bi Shen akaiokota finjani yake, akaninyooshea.

"Sasa nimiminie moja," akasema. "Zile zilikuwa za kucheza. Hii ndiyo ya kunywa."

Nikaishika dalla kwa mkono wa kulia, kinyume cha desturi, na hakuna aliyenikosoa.