Dawa Kabla ya Udhu

Maulidi ya wanawake yalibakiza wiki mbili, na Bi Sihaba sauti hana. Miaka ishirini na miwili yeye ndiye msomaji wao hapo mtaani Bagamoyo. Leo akifungua kinywa, mkwaruzo mtupu, na ulimi umejaa madoa meupe. Mchawi wake alimjua: ile dawa ya pumu ya kuvuta asubuhi na jioni. Akaitupa kabatini.

"Bora nikohoe kuliko kuwa bubu!"

Siku ya tano kifua kikawa kinapiga filimbi. Vidato vitatu vya baraza tu, hoi. Wifi yake Najma akaja kumjulia hali, kwa huruma iliyozidi kipimo.

"Pumzika, wifi yangu. Mwaka huu nitasoma mimi."

Lo! Najma, asomaye kama anakimbizwa na mbwa! Bi Sihaba akavaa baibui, akaitia dawa mkobani, akashika njia ya zahanati. Alisimama mara nne kutafuta pumzi, lakini hakurudi nyuma.

"Shikamoo, Bibi," akasema muuguzi Asteria, na kabla ya maneno mengi akamvutisha dawa ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka. Alipotulia akamuuliza, "Ile ya kila siku, ukishavuta unasukutua?"

"Mimi? Nasukutua mara tano kwa siku, mwanangu. Natawadha!"

"Na unaivuta saa ngapi?"

"Nikishatawadha. Niingie kwenye sala kifua kikiwa wazi."

Asteria akacheka mpaka akashika meza. Bi Sihaba akanuna, kisha akaduwaa. Maji yalitangulia, dawa ikafuata, ikabaki kinywani. Miezi minne, tangu aanze dawa hiyo!

"Basi geuza, Bibi. Vuta kabla ya udhu wa alfajiri na wa magharibi. Sukutua mpaka kooni, uteme, usimeze. Madoa nitakupa dawa yake. Na hii ya kila siku usiiache hata ukijiona mzima, ndiyo inayokukinga. Kifua kikibana ghafla, vuta ya bluu nitakayokupa. Isipokusaidia, mbio hospitali."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akajibu Bi Sihaba. "Langu bado li hai."

Akashika masharti kama mwari. Siku ya tatu, mkwaruzo uleule. Najma akatuma mtu kuomba kitabu cha maulidi.

"Mwambie kina mwenyewe."

Siku yenyewe, baada ya alasiri, Najma alikuwa ameshakaa mbele.

"Sogea, wifi."

Mstari wa kwanza ulitoka na mikwaruzo, wanawake wakatazamana. Bi Sihaba aliogopa, wallahi aliogopa, ila hakunyamaza. Wa pili ukanyooka. Wakafika pale pa kusimama wote, pale alipokatika pumzi mwaka jana. Akasimama, akapandisha sauti, akaifikisha mwisho peke yake. Najma alikuwa akiitikia huku analia.

Magharibi ilipokaribia, Bi Sihaba akatoa dawa mkobani, akavuta. Aliponyoosha mkono kutafuta maji, kopo lilikuwa tayari, limeshikwa na Najma.

"Sukutua vizuri, wifi," akasema. "Mwakani tunakutaka tena."