Nyumba Aliyoiahidi Chuo

Hakuwa na cheti chenye muhuri wa chuo kikuu. Hakuwa na tai, ila ile ya kuazima aliyopigia picha siku ya kumaliza masomo ya jioni, akiwa na miaka thelathini na minne. Hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na gari, hakuwa na meno mawili ya mbele, na tangu mkewe afariki hakuwa na mtu wa kumwambia "acha" naye akaacha. Kilichomuuma zaidi ni kwamba jina lake halikuchongwa mahali popote, ilhali yeye ndiye aliyechonga majina ya wenzake wote.

Watu walimwita Fundi Herufi. Kwa miaka thelathini na minane, kila aliyekitolea chuo kikuu kitu cha maana, bamba lake la shaba lilipita mikononi mwake. Maabara ya fulani. Kisima cha fulani, kwa kumbukumbu ya mama yake. Alilifunga bamba kwa skrubu nne, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama, kisha akatokea mlango wa nyuma kama fundi bomba.

Siku moja alipeleka bamba katika Ofisi ya Wahisani, akakaa kwenye kiti cha wageni asiondoke. Afisa wa ofisi hiyo, mama mmoja mwenye miwani, akadhani anangoja daftari lisainiwe.

"Kuna njia ngapi za kutoa?" Fundi Herufi aliuliza.

"Kutoa nini, mzee wangu?"

"Kutoa. Kama hawa ninaowachonga."

Afisa alivua miwani, akamweleza kwa furaha. Mtu aweza kutoa fedha mara moja, au kidogo kidogo kila mwezi. Aweza kumsomesha mwanafunzi mmoja mpaka amalize. Aweza kutoa vitabu, mashine, kiwanja, hata nyumba, sasa hivi au kwa wosia. Na mtoaji ana haki ya kuweka sharti, chuo kikilikubali.

Masikio ya Fundi Herufi yaliishia kwenye neno nyumba. Nyumba alikuwa nayo. Akajaza fomu ya ahadi pale pale, kwa mwandiko uliomfanya afisa aite wenzake waje waone: nyumba iende kwa chuo siku atakapofariki, isomeshe vijana wasio na uwezo, na chumba cha tatu cha mihadhara kiitwe kwa jina lake. Palipoulizwa wakazi wengine wa nyumba, aliandika "binti yangu". Nafasi ilikuwa bado ipo, akaongeza "atakubali".

Binti mwenyewe hakuambiwa. Alikuwa ameishi nyumba ile maisha yake yote, ukiondoa miaka mitatu ya ndoa, na chumba cha mbele ndicho alichoshonea nguo za watu. Baba alipanga kumwambia Ijumaa, kisha Ijumaa nyingine. Katikati ya Ijumaa hizo akalichonga bamba lake. Ndiyo desturi ya kazi yao: bamba hutangulia sherehe, maana hakuna mgeni rasmi anayetaka kufunua ukuta mtupu. Akachonga jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha akaacha nafasi.

Jumanne asubuhi walikuja wanaume wawili, mthamini wa nyumba na msaidizi wake, na tepu ya kupimia. Binti alikuwa amepiga magoti, anabana pini kwenye gauni la mteja.

"Samahani, dada. Sogeza cherehani kidogo, tunapima chumba."

"Mnataka kukishonea suti?"

Mteja akacheka. Mthamini hakucheka. "Ni kazi ya chuo. Mzee ameahidi kukiachia nyumba hii kwa wosia."

"Shoga," mteja akanong'ona, "mimi nitarudi kesho." Akatoka na pini zake mgongoni.

Fundi Herufi aliporudi saa saba alimkuta binti yake kwenye meza yake ya kazi, bamba mapajani.

"Umeacha nafasi ya mwaka wa kufa," binti alisema. "Yangu umeiacha wapi?"

"Mama, nisikilize..."

"Leo nimesikiliza ya kutosha. Nimepimwa na watu nisiowajua, ndani kwangu."

"Ni ili watoto wa watu wasome. Kutoa ni moyo."

"Moyo wenyewe uwe wako, Baba. Vyumba viwili vya mbele alivijenga nani?"

Vilijengwa kwa sindano ya binti huyo baada ya kuachika, tofali baada ya tofali, na baba ndiye aliyemshikia mwashi kamba.

"Nilikuwa kidato cha tatu Mama alipolala kitandani. Ulisema niache muhula mmoja tu, nimuuguze. Nina miaka arobaini na sita. Huo muhula haujaisha."

"Hukupenda kusoma wewe," alisema, na neno halijamaliza kutoka alitamani kulirudisha.

Binti alicheka kidogo, akaliweka bamba mezani taratibu, akarudi kwenye cherehani. Kwa siku nne alimwita "Mzee", kama wateja wanavyomwita.

Siku nne hizo zilikuwa ndefu. Wenzake aliosoma nao jioni walishajua habari, wakimwona tu wanapaza sauti: "Mhisani! Na sisi tunalala njaa hapa, tukumbuke!" Alicheka nao. Siku ya tano alikwenda ofisini.

"Ahadi si kitanzi," afisa alimwambia. "Wosia bado hujausaini. Andika barua tu. Ila mkuu wa chuo alishafurahi, mzee wangu."

"Na chumba?"

"Kitapata mhisani mwingine." Akapangusa miwani. "Na bamba lake tutakuletea wewe."

Nyumbani aliandika barua ya kwanza, kwamba afya yake imezorota. Akampelekea binti asome.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Basi usiugue kwenye karatasi."

Ya pili ilikuwa na aya nzima ya kueleza alivyojielimisha mwenyewe. Binti alimrudishia, akaendelea kushona. Ya tatu aliisoma akiwa amesimama, mkasi mkononi, mpaka mwisho.

"Kidato cha tatu hukukiandika," alisema.

Fundi Herufi alirudi mezani. Akaandika ya nne. Ikawa hivi:

"Niliahidi nyumba isiyokuwa yangu peke yangu. Nusu yake ameijenga binti yangu, ambaye nilimtoa shule akiwa kidato cha tatu, nikasahau kumrudisha. Kesho tunakwenda kwa wakili kuandikisha hati kwa jina lake. Naiondoa ahadi, na jina langu liondolewe. Kilicho changu ni mikono: mabamba ya chuo nitayachonga bila malipo maadamu naona."

Binti aliisoma mara mbili.

"Kwa wakili ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu."

"Nina gauni la kumalizia. Nitakuja saa nne." Akakanyaga cherehani.

Si msamaha huo, na yeye alijua. Aliikunja barua mara tatu, akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Akaipeleka posta kwa miguu, akamkabidhi karani, na hakuondoka dirishani mpaka alipoiona imepigwa muhuri na kutupwa ndani ya gunia.