Fuite ya Mama Kavuo

Kosa ni langu, na afadhali niliseme mapema. Mimi ndiye katibu wa kamati ya maji ya avenue yetu hapa Butembo, na Kifaransa changu nakionea fahari kuliko viatu vyangu vya Jumapili. Mama Kavuo alipoleta barua ya mistari miwili, kwamba kwake kuna fuite na anaomba kamati ifike, niliisoma mara moja, nikatikisa kichwa kwa huruma, nikaiweka katika faili la wakimbizi. Kwetu neno hilo mtu akilisikia anafunga godoro lake na kukimbia. Yeye mwenyewe alifika hapa miaka mitatu iliyopita akikimbia vita kule Mbau. Nikadhani amepokea ndugu zake.

Barua ya pili niliiweka juu ya ile ya kwanza. Ya tatu ilipofika kamati iliguswa, tukampelekea turubai.

Kumbe neno hilo la Kifaransa ni kukimbia, na pia ni kuvuja. Bomba letu la pamoja, linalopita chini ya ukuta wake likiteremka kwa majirani wa chini, lilikuwa limeachia kwenye kiungio, na ukuta wa matofali mabichi ulikuwa unakunywa maji tangu Pasaka. Nyumba hiyo aliijenga kwa kuuza maharagwe, chumba kimoja kila mwaka. Hakuwa na nyingine.

Alikuja kikaoni Jumapili baada ya misa, turubai kwapani. Hakufoka. Angefoka, ningepata la kujitetea.

“Bwana secrétaire,” akaniambia, “mimi nilikimbiaka mara moja tu, kule Mbau. Leo haiko batu banakimbia. Ni maji. Na hii nyumba siwezi kuiacha.”

Niliona aibu mpaka masikioni. Rais wa kamati yetu, Papa Paulin, hana ugonjwa huo. Alieleza kwa utulivu kwamba bomba lililo chini ya ukuta wa mtu ni la mtu huyo, kamati inahusika na la barabarani tu. Kanuni niliziandika mimi, na hazisemi hivyo popote, lakini niliyaandika maneno yake daftarini kama yalivyo. Mama Kavuo hakunyamaza.

“Donc hii tuyau ya maji ni yangu,” alisema. “Muzuri. Kesho asubui nitaifunga. Batu ba chini bakikosa maji batakuja kukuuliza weye, Papa Paulin. Na weye pia unakaa kule chini.”

Watu walicheka, hata Victoire, mke wa rais, ambaye ndiye huteka hayo maji. Papo hapo tukakubaliana kwamba salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ambayo kwa kawaida tunaimaliza kwa kukata majani mbele ya nyumba ya rais, ifanyike kwa Mama Kavuo.

Jumamosi tulimkuta tayari yumo mtaroni, ameuchimba peke yake, anamwonyesha fundi Kitsa mahali penyewe. Kitsa alibadilisha kiungio kwa saa moja. Saa moja, baada ya miezi mitano. Sisi na majembe yetu tulibaki na kazi ya kufukia tu. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mama yule, tope mpaka magotini, akikagua ukuta wake kwa kiganja.

Nilipokuwa naondoka aliniita, akanipa lile turubai. Alikuwa amelifua na kulikunja vizuri. Nikamwambia abaki nalo, kamati ilishampa.

“Hapana, utunze,” akasema. “Siku ingine mutu atakuandikia fuite ya kweli.”