Akidi ya Watu Watatu

Mzee Urbano aliuguza watu mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu alipewa uenyekiti wa kamati ya maadili ya Umoja wa Wauguzi wa Ufipa. Kamati ilikuwa ya watu watatu: yeye, Atupele, muuguzi mwenye asili ya Mbeya, na Obedi, katibu. Katiba ilitaka wote watatu wawepo. Akikosekana mmoja, akidi haijatimia, watu wanarudi makwao. Shauri likikwama hivyo mara mbili, linafutwa.

Shauri la Monika lilikuwa limekwama mara moja tayari, siku Obedi alipokuwa semina Mbeya. Sasa amerudi tena kutoka Namanyere, mtoto mgongoni, amejifunika khanga mbili kwa baridi ya Julai. Alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyemtukana akiwa kwenye uchungu wa kuzaa. Muuguzi huyo aliitwa Calvin, katibu wa tawi la Namanyere.

Calvin aliingia ukumbini amevaa suti. Akainama kidogo mbele ya mwenyekiti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Hakuketi. "Nina hoja kabla hatujaanza. Katiba inasema mwenye undugu na mtuhumiwa atoke. Mzee Urbano ni baba yangu wa ubatizo."

Obedi akacheka chini kwa chini. "Kijana, wewe umeisoma katiba kuliko sisi tuliozeeka kwenye vikao vyake."

Urbano aliuona mtego mara moja. Akitoka, wanabaki wawili, na lalamiko la Monika linakufa hapo hapo. Mtoto aliyemshika mbele ya padri, akasimama naye tena siku ya kipaimara, alikuwa anamtumia kama mlango wa kutokea.

"Mwenyekiti," Atupele alisema, "sisi kwetu baba wa ubatizo ni wa picha ya kanisani. Akishakula pilau, amemaliza. Sema si undugu, tuendelee."

Lilikuwa jambo jepesi kusema. Lakini Calvin alipooa, Urbano ndiye aliyepelekewa habari kwanza. Baba mzazi wa Calvin alipofariki, Urbano ndiye aliyechagua mahali pa kaburi.

"Huko kwenu labda," alijibu. "Hapa ni undugu. Siwezi kuukana ili nipate kikao."

Calvin akaanza kufunga mkoba.

"Sijasema natoka," Urbano alisema. Akamgeukia Monika. "Mama, kanuni hii iliwekwa ili mtu kama wewe asipunjwe. Mimi ni baba wa huyu. Nikitoka, shauri lako limekwisha. Nikikaa, mmoja kati ya watatu ni wa upande wake. Usinionee haya. Unasemaje?"

Monika alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Mtoto wangu mkubwa akimpiga wa jirani, ninayekaa kuamua ni mimi mama yake. Simtafuti mgeni kutoka Matai. Kaa, Baba. Na gari la Namanyere nimelichoka."

"Obedi, andika kwamba mlalamikaji amekubali," Urbano alisema. "Na uandike kiti cha mwenyekiti nimemwachia Atupele." Akahamia kiti cha pembeni.

Monika akaeleza. Usiku ule alilia kwa maumivu, na Calvin akamwambia angeyapeleka hayo machozi kwa mume, kama angekuwa naye. Wanawake waliolala vitanda vya jirani wakacheka.

"Uchungu niliusahau," alisema. "Kicheko sijakisahau."

Calvin hakukana. Alisema alikuwa peke yake zamu nzima, na wanawake wanne wa kujifungua, hajala tangu asubuhi. Kila aliyekuwa ndani ya ukumbi ule aliijua zamu ya namna hiyo.

"Mimi nasema apewe onyo, yaishe," Obedi alisema. "Nani hapa hajawahi kuteleza ulimi?"

"Mimi nasema aachie ukatibu wa tawi mwaka mzima," Atupele alisema, "na amwombe radhi mbele ya tawi. Atawaonyaje wenzake juu ya lugha chafu?"

Mmoja kwa mmoja. Wote wakamtazama mtu wa kiti cha pembeni.

Urbano alikuwa na tumaini kwamba wawili hao wangekubaliana, yeye akabaki wa kutimiza hesabu tu. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Niko na Atupele."

Calvin akatoka bila kuaga.

Urbano hakwenda nyumbani. Alipanda bodaboda hadi Katandala kwa Marsiana, mama yake Calvin, asije akayasikia sokoni. Alimkuta anapepeta ulezi uani. Akamweleza yote bila kupunguza, pamoja na maneno yale ya usiku.

Marsiana aliendelea kupepeta. "Ukapiga kura dhidi ya mwanao."

"Nilipiga."

"Na huyo binti ana nani?"

"Anaishi na mama yake."

"Mtoto anaitwaje?"

 Urbano hakuwa ameuliza.

"Mmekaa asubuhi nzima, hamkuuliza jina la mtoto," Marsiana alisema. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na mfuko, akaanza kuutia ulezi. "Huu ni wa uji wa mtoto. Jumapili Calvin atanionyesha kwao. Nawe utakuja."

"Huenda hataki kuniona."

"Atakuona tu. Shika mfuko huo, unanimwagikia."