Nyuso Kumi za Kete

Kaka yake mshonaji alianza kukosekana Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, akiwa mbele ya mashine ya kukatia karatasi. Alikuwa amepanga rimu ya madaftari, akaigonga kingo kwa kiganja ikae sawa, kisha akashika kifua kama mtu aliyesahau kitu mfukoni. Akakaa chini taratibu. Hakuinuka tena.

Aliyempigia mshonaji simu ni Zimwi, fundi wa mitambo wa kiwanda kile cha uchapaji. Mwembamba kama ufito, na jina hilo alilipata mezani, kwenye mchezo wao wa Jumamosi. Siku zote huyu hakuishiwa maneno.

"Dada, njoo," alisema, akakata.

Mshonaji aliacha gauni la watu chini ya sindano ya cherehani. Njiani hakuwaza kifo. Aliwaza ugomvi wa juzi yake, na jinsi atakavyomfanya kaka yake aombe radhi kwanza.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Kwa miaka sita, kila Jumamosi saa nane mchana, watu wanne walikutana chumba cha nyuma cha kiwanda, penye harufu ya gundi na wino, wakakaa kwenye meza ya kujalidia vitabu. Kaka ndiye aliyekuwa Mwenye Meza: anasimulia nchi ya kubuni, majoka yake na wachawi wake. Wengine watatu, yaani mshonaji, Zimwi na Mwalimu wa hesabu, kila mmoja alikuwa na mhusika wake ndani ya hadithi. Jambo likiwa la hatari, inarushwa kete ya nyuso ishirini.

Mtu akirogwa, hesabu ilikuwa moja. Ugumu wa laana ni nane, ongeza nguvu ya mchawi, ongeza uzoefu wake. Aliyerogwa anarusha kete, anaongeza ukakamavu wake. Akifikia ule ugumu amejinasua, asipofikia imemshika. Kaka aliandika kila kitu kwa penseli kwenye daftari lenye jalada gumu alilolijalidi mwenyewe. Na alikuwa na upendeleo ambao hakuwahi kuukiri: laana ikimwendea mdogo wake, ugumu ulishuka mbili. Wote walijua. Zimwi aliuita punguzo la ukoo.

Jumamosi ile, katika hadithi, walifika kwenye kaburi la mfalme. Mzimu wake ukanyoosha mkono, ukamgusa mhusika wa mshonaji kifuani.

"Laana inaitwa Mkono wa Baba," kaka alisema. "Ugumu kumi na tano. Rusha."

Mshonaji alikunja uso. Baba yao alianguka kwenye ngazi za nyumbani akiwa na miaka arobaini na mmoja, ameshika kifua. "Jina gani hilo? Hukupata lingine?"

"Rusha, mdogo wangu."

"Na punguzo langu?"

"Leo hakuna."

"Mwenye Meza kaamka vibaya," Zimwi akadakia. "Dada, leo unalipa bei ya watu wa nje!"

Kaka hakucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake kwa namna ambayo yeye aliidhania ubishi. Mshonaji akaiweka kete mezani kwa kishindo. "Basi sirushi. Cheza na mizimu yako." Akabeba mkoba wake akaondoka. Maneno hayo yakawa ndiyo ya mwisho kati yao.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Mwalimu na Zimwi walikuja nyumbani na daftari na kete. Walisema wamevitoa kwenye droo ya kaka ili vikae kwa wenyewe. Mama aliwakaribisha, akarudi jikoni. Mlango aliuacha wazi.

Mwalimu hakukaa vizuri. Alifungua daftari ukurasa wa mwisho ulioandikwa.

"Nina swali, wala halinipi raha. Huyu mfalme wa kaburini, kwenye ukurasa wake, ana nguvu mbili. Uzoefu tatu. Nane na mbili na tatu?"

"Kumi na tatu," mshonaji alijibu.

"Yeye akakutajia kumi na tano. Mimi nikadhani amekosea kujumlisha. Kaka yako hakosei kujumlisha. Tazama hapa."

Ukurasa ulikuwa umefutwafutwa mpaka karatasi imekonda. Ukakamavu wa mhusika wake ulikuwa nne. Kwa ugumu wa kumi na tatu, kete ilipaswa kuonyesha tisa au zaidi: nyuso kumi na mbili za kumwokoa. Pembeni kaka aliandika "nyingi mno," akakata. Chini yake alijaribu na punguzo: nyuso kumi na nne. Akakata kwa nguvu hadi penseli ikatoboa. Kisha, kwenye hesabu hiyo tu, akaifuta ile nguvu mbili ya mfalme, akaandika nne. Ugumu kumi na tano. Kete ionyeshe kumi na moja au zaidi. Nyuso kumi kati ya ishirini. Hiyo aliizungushia duara mara tatu.

"Hakuanza na mchawi akapata jibu," Mwalimu alisema polepole. "Alianza na jibu akamtafutia mchawi. Alitaka nusu. Kwa nini nusu?"

Mshonaji alifungua ukurasa uliofuata. Palikuwa na barua ya hospitali, imekunjwa mara nne, ya miezi saba nyuma. Aliisoma akiwa amesimama. Ugonjwa wa moyo unaorithiwa kwa mzazi. Ndugu wa tumbo moja wapimwe haraka. Kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nao.

Nyuma ya barua, kwa penseli: *Baba 41. Baba mdogo 38. Mimi, imeshika. Mdogo wangu hajarusha. Nisimpunguzie.* Na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo: *Anayejua kuwa imemshika anarusha mara mbili na kuchukua kubwa. Robo tatu ya kujinasua. Asiyejua, mara moja. Nimwambie Jumamosi, akisharusha.*

Kutoka jikoni hata kijiko hakikugonga sufuria.

"Alitaka kulianza jambo hili mezani," Zimwi alisema. "Mezani ndiko alikokuwa anaweza kusema mambo."

"Nami nikaondoka."

"Dada, hukujua."

Mama alikuwa mlangoni, ameshika taulo. Hakuuliza barua ni ya nini, na hapo mshonaji akaelewa kwamba anajua.

"Mwanangu, liache," Mama alisema. "Nimezika wawili kwa kifua hichohicho. Usinitafutie wa tatu."

"Mama, kupima hakumtafuti mtu. Kama nimeshikwa, nimeshikwa tangu kuzaliwa."

"Basi nisijue."

"Kaka alijua, akakaa kimya miezi saba. Umeona kilichotokea."

Mama aligeuka akarudi jikoni. Mara hii aliufunga mlango.

Zimwi aliisogeza kete kwa kidole mpaka mbele ya mshonaji. Namba ya ishirini ilikuwa imefutika kwa kushikwashikwa. Mshonaji mwenyewe aliwahi kuichora upya kwa rangi nyekundu ya kucha. "Unataka kurusha? Kwa ajili yake tu."

Aliichukua. Ilikuwa nyepesi, na ya baridi kuliko alivyoikumbuka. Aliizungusha kiganjani, akaona namba nne, kumi na saba, tatu. Akaidumbukiza kwenye kopo la vifungo kando ya cherehani, akafunga kifuniko.

Jumatano alikwenda hospitali na barua ileile. Walimpima moyo kwa mashine, wakamtoa damu vichupa viwili. Muuguzi alimuuliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kufa ghafla. Akawataja watatu, kwa umri wao. Muuguzi aliandika bila kuinua kichwa, kisha akaacha kuandika, akamtazama.

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na saba."

Majibu yatatoka Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, dirisha namba nne. Aende na mtu mmoja wa familia. Mama bado hajasema kama atakwenda.